Waliweka Zawadi Juu ya Cherehani

Wiki iliyopita niliishia pale ambapo kanisa zima lilikuwa linamsaka mwizi, na mwizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wanaomsaka.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, nirudie kwa kifupi.

Mimi ni fundi wa kushona, mama wa watoto watatu. Kanisani nilikuwa katibu wa baraza la wazee, na tena ndimi niliyekuwa natunza stoo ya misaada, chumba kile cha nyuma ambamo watu huleta nguo, masufuria, magodoro, chochote wanachotaka kimfikie mwenye shida.

Mume wangu, fundi mwashi, alianguka kazini kutoka ghorofa ya pili akavunjika nyonga. Cherehani yangu tukaiuza akiwa bado hospitali.

Ndipo Bibi Pindo, fundi aliyewashonea wazazi wetu wote, macho yakamwishia. Akaileta stoo cherehani yake ya kukanyaga, akasema apewe mama yeyote anayeanza maisha upya. Baraza likamchagua Mama Pacha, mjane kijana mwenye mapacha wa miaka miwili. Uamuzi ule niliuandika mimi.

Siku tatu baadaye nikamtuma mhudumu wa kanisa apeleke barua mtaa wa mbali. Alipopotea kona, nikaita mtu wa mkokoteni, nikaipakia cherehani, nikaizika chini ya mafurushi ya nguo, nikaenda nayo nyumbani. Mchana kweupe. Watu wakanisalimia njiani wakidhani napeleka nguo za misaada kufua.

Nilikuwa nimepokea oda ya sare za shule arobaini na mbili. Nikajiambia: wiki moja tu. Nimalize, nirudishe, nani atajua?

Kumbe Mchungaji alikuwa ameamua Mama Pacha akabidhiwe Jumapili ileile. Wakafungua stoo mbele ya watu. Mahali pa cherehani patupu.

Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa Mzee Kengele, yule mhudumu niliyemtuma barua.

Sasa endelea nami.

Mzee Kengele alikuwa na miaka ishirini na mbili pale kanisani. Alifagia, alifungua milango, alipiga kengele, alilala chumba kimoja uani. Watu walikuwa wameshasahau kwamba alikuja kwetu akitokea gerezani.

Wiki ile wakakumbuka wote kwa mpigo.

"Si alifungwa kwa wizi yule?" mama mmoja wa kwaya aliniuliza tukikusanya vitabu.

"Mambo ya zamani hayo," mwenzake akamjibu.

"Ya zamani kwake au kwetu? Katibu, wewe unaonaje?"

"Tumwachie Mungu," nikasema.

Maneno mawili tu. Lakini mwenye ufunguo wa kwanza akisema tumwachie Mungu, watu wanaelewa kwamba anajua jambo na anamstahi mzee wa watu. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeenea: hata Katibu kashamjua, ni huruma tu inamzuia.

Kuanzia hapo mzee akisalimia, watu wanajitia hamnazo. Akishika ufagio, mama anavuta mkoba wake karibu. Mimi nayaona yote haya, natabasamu, napita.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Jumapili ya Uwakili. Mchungaji hakupiga kelele. Alizungumza kama mtu anayezungumza sebuleni kwake.

"Humu ndani hakuna mwenye kitu," alisema. "Tumeshikizwa tu. Nguvu umeshikizwa. Watoto umeshikizwa. Ufunguo ulio mfukoni mwako umeshikizwa."

Nilihisi ufunguo wangu unawaka kwenye mkoba. Najua ufunguo hauwaki. Ule uliwaka.

Kisha Bibi Pindo akaomba aongozwe mbele. Akasimama akitazama upande ambao hapakuwa na mtu.

"Mimi sina kinyongo na aliyeichukua," akasema. "Ninamwomba kitu kimoja. Aitie mafuta kila Jumamosi, pale chini ya bobini. Asipoitia itamkatia uzi, na mimi nisingependa imwaibishe."

Kanisa likacheka, wengine wanafuta machozi. Nami nikacheka nao.

Jumamosi iliyofuata nikaitia mafuta, pale pale chini ya bobini.

Jumanne, saa kumi za jioni, nikasikia hodi. Nilikuwa katikati ya kola ya shati la kumi na tisa.

"Hodi humu! Wenyewe mpo?"

Sauti za akina mama, si mmoja wala wawili. Nilichomoa lile shati, nikalitupa chini ya kochi, nikakilaza kichwa cha cherehani ndani ya meza yake, nikakitandaza kitambaa kikubwa cha meza juu ya cherehani, nikaweka juu yake picha yetu ya harusi. Kisha nikaufunga mlango wa chumbani. Mume wangu nilikuwa nimemwambia cherehani nimeazimwa na fundi mwenzangu aliyesafiri, na habari za kanisani nilimnyima zote, kwa kisingizio kwamba daktari amesema apumzike.

"Karibuni, karibuni mama zangu!"

Wakaingia wanane, na sebule yangu inajaa kwa watu watano. Mbele yao mwenyekiti wa akina mama, mtu wa miraba minne, kajitwika mfuko wa unga wa kilo kumi.

"Ulidhani tumekusahau?" akasema. "Kila siku Katibu anawaandikia wengine misaada, Katibu mwenyewe anauguza kimya kimya. Leo zamu yako. Tuweke wapi?"

Nilitaka kusema wekeni chini.

"Hapa mezani panatosha," akajijibu mwenyewe. Akaitoa picha ya harusi, akaubwaga unga juu ya cherehani.

Chini ya kitambaa gurudumu likalia: kriii.



"Meza yako inalia, Katibu."

"Imezeeka," nikasema.

"Kama sisi!" akadakia, na wote wakaangua kicheko.

Wakaanza kupanga. Mchele, sukari, chupa ya mafuta, majani ya chai, daftari za watoto. Mmoja baada ya mwingine anasogea, anaweka chake, ananikumbatia. Rundo linapanda, na mimi nasema asante, Mungu awabariki, asante.

Wa mwisho alikuwa Mama Pacha. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Akafungua pindo la kanga, akatoa nusu mche wa sabuni. Ulikuwa umekatwa kwa uzi siku ileile, maana upande mmoja ulikuwa bado mbichi. Nusu nyingine bila shaka alikuwa ameiacha kwake.

"Kidogo, dada Katibu," akasema. "Usinicheke."

Akaiweka juu ya rundo, juu ya cherehani yake.

Niliinama kama ninayemsalimia mtoto, nisionekane uso.

Ndipo mlangoni ikasikika hodi ya kiume. Mzee Kengele. Kicheko kikakatika kama taa zimezimwa. Mwenyekiti akaanza kukagua kucha zake.

Mzee alikuwa amebeba kigoda kirefu cha mbao, kimepigwa randa hadi kinang'aa, juu kimefungwa sponji.

"Nimesikia mguu wa mgonjwa unakosa pa kuegemea," akasema, hamtazami mtu. "Naweza kuingia?"

Sikuweza kumzuia. Akaingia chumbani, na kupitia mlango tukamsikia mume wangu akicheka. Alikuwa hajacheka tangu aanguke.

"Mzee! Umepimaje? Umejuaje urefu wangu?"

"Nimekuona ukiketi kanisani miaka yote hiyo. Mguu wako huwa unafika kwenye benchi la mbele, unawapiga watu mateke."

Wakacheka tena wote wawili. Sebuleni hakuna aliyecheka.

Alipotoka, macho yake yakatua chini. Yangu yakafuata. Uzito wa zile zawadi ulikuwa umekivuta kitambaa upande mmoja. Kona ya mbele ilikuwa imepanda juu, na pale chini, wazi kabisa, kilionekana kikanyagio cha chuma.

Akina mama walikuwa wamemgeuzia mgongo. Ni mimi na yeye tu tuliokuwa tunakiona.

Mzee Kengele akainama polepole, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayeokota sarafu. Akakishika kitambaa, akakivuta hadi kikagusa sakafu. Akakilainisha kwa kiganja. Akasimama.

"Meza nzuri," akasema. "Itunze, mwanangu."

Akaenda zake.

Siku mbili zile sikushona hata mshono mmoja. Unga wa watu ulikuwa umekaa juu ya cherehani na sikuwa na ubavu wa kuugusa. Kabla Alhamisi haijafika, nilikuwa nimepiga moyo konde. Siku hiyo baraza lingekaa. Ningesema. Maneno niliyaandika kwenye karatasi, nikayakariri nikiosha vyombo: Wazee wangu, asiulizwe mtu mwingine, cherehani iko kwangu.

Maneno manane. Niliyahesabu.

Ofisi ya Mchungaji ina meza ndefu na viti saba. Wazee wameketi, mimi mwishoni na kitabu cha kumbukumbu. Mzee Kengele kasimama karibu na mlango, kofia mikononi.

Mchungaji akaomba, akafungua macho, akasema, "Agenda ya kwanza, kupotea kwa cherehani."

Nikanyoosha mkono. "Mchungaji, kabla hatujaendelea, nina neno."

"Katibu, neno lako tutalipokea kwenye mengineyo. Tufuate utaratibu."

Wewe unayesoma, utasema kwa nini sikusimama nikapayuka. Ni kweli. Mlango ulikuwa wazi, nami nilirudisha mkono chini kama mwanafunzi aliyekatazwa kwenda msalani. Na ndani yangu, Mungu anajua, nilipumua.

"Mzee," Mchungaji akasema, "funguo ni mbili. Wa Katibu tunaujua. Una la kusema?"

"Ninalo. Niulizwe mimi. Hiyo cherehani isitafutwe kwa mtu mwingine."

Mzee mmoja wa baraza akaacha kukoroga chai.

"Una maana umeichukua wewe?"

"Andikeni hivyo."

"Iko wapi sasa?"

"Imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Kwa mtu mwenye shida nayo."

"Umemuuzia nani, mzee? Tuambie tuifuate!"

"Mchungaji, mimi nimeshasema andikeni. Zaidi ya hapo sina." Akageuka akanitazama, uso wake umetulia kabisa. "Andika, mwanangu."

Nikaandika.

Ningependa niwaambie kwamba kalamu ilitetemeka, kwamba machozi yaliloanisha karatasi. Halikutokea hata moja. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri, umenyooka, hauna herufi iliyokatwa. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Wakaamua. Aondolewe kwenye huduma. Asikaribie meza ya Bwana miezi sita. Chumba cha uani akiache ifikapo Jumamosi. Nilipokuwa naandika neno Jumamosi, Mchungaji alitoa leso.

Tukafika mengineyo.

"Katibu, ulikuwa na neno."

Wote wakanigeukia.

"Halikuwa na uzito," nikasema.

Nikatia sahihi.

Nilimkuta Mzee Kengele nyuma ya kanisa, anaikunja kamba ya kengele duara juu ya duara, kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yake.

"Mzee, kwa nini?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini umejibebesha kitu ambacho..."

"Mama yako," akanikata. "Unakumbuka mama yako alivyokuwa mzee wa kanisa hapa? Nilipotoka kifungoni, baraza lote lilikataa hata kunipa ufagio. Yeye akavua ufunguo shingoni kwake, akanivalisha mbele yao. Akawaambia, kitu kikipotea, mniulize mimi. Akafa haijatokea siku ya kuulizwa."

Akaitundika ile kamba kwenye msumari.

"Sasa kimepotea kwa binti yake. Ningekaaje pale nisikie jina lake likiburuzwa?"

Nikaketi kwenye ngazi.

"Nitarudi ndani niseme ukweli," nikasema. "Sasa hivi."

"Mimi sijakukataza. Hilo ni lako na Mungu wako." Akasubiri. Sikunyanyuka. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua. "Basi nisikilize. Nimewaambia imekwenda kwa mtu mwenye shida nayo. Fanya iwe kweli. Mama Pacha aipate kabla sijahama."

"Nitaifikishaje bila kuonekana?"

"Uliitoa bila kuonekana," akasema, akaokota ufagio.

Nikashika njia ya nyumbani. Nitasema lote, maana nimeahidi kusema lote. Kabla sijafika kona ya dukani, akili yangu ilikuwa imeshaanza kupanga: Mama Pacha huwa bombani asubuhi, mkokoteni nitaupata, naiacha mlangoni kwake na karatasi isiyo na jina. Watu watasema mzee kaona aibu kairudisha. Itakwisha hivyo. Mtu amefukuzwa nyumbani kwa ajili yangu, na nusu saa haijapita, mimi naona nafuu!

Nilipokaribia mlango wangu nikasikia sauti niliyoijua.

Cherehani ilikuwa inakanyagwa.

Nikadhani ni wanangu wanachezea. Nikausukuma mlango kwa hasira.

Mume wangu alikuwa sebuleni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu umeegeshwa kwenye kigoda cha mzee, uso unameremeta. Unga, mchele na sabuni vilikuwa vimepangwa chini ukutani, na kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake. Mapacha walikuwa wamelala kwenye mkeka.

Kwenye cherehani alikuwa ameketi mama yao.

"Mke wangu, umekuja wakati mzuri!" akasema mume wangu. "Huyu mwenzako kaja kuomba kazi, hata kushikiza vifungo tu. Nikamwambia vifungo vya nini, na cherehani hii hapa? Nimejikongoja mwenyewe nikamfunulia. Mtazame anavyokanyaga! Oda yako itaisha kesho kutwa."

Mama Pacha hakugeuka. Alimaliza kola, akakata uzi kwa meno, akaiweka ile sare juu ya nyingine nne alizokwisha kumaliza. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa ubao, mahali ambapo Bibi Pindo alikuwa amechonga vipimo kwa kisu ili asihangaike kutafuta futi.

"Nilifundishwa kushona nikiwa na miaka kumi na moja," akasema taratibu, kama anayezungumza na ule ubao. "Bibi alikuwa mkali. Kipimo hiki cha nne nilikichonga mimi, nikakikosea, nikachapwa."

"Bibi gani?" mume wangu akauliza.

Mama Pacha akanigeukia mimi. Nilitegemea hasira. Uso wake ulikuwa na kitu kingine kabisa, kama mtu anayejaribu kunisaidia nipate jibu zuri na halioni.

"Katibu. Kikao cha leo kilikuwa cha Mzee Kengele, sivyo?"

"Ndiyo."

"Wameamuaje?"

"Kwani Mzee Kengele kafanya nini?" mume wangu akasema. Akainyoosha shingo kunitazama vizuri. "Si alikuwa hapa juzi?"

Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa kwapani. Nikakibana zaidi.

Mama Pacha akaona. Akasimama kutoka kwenye kiti, akajifuta vidole kwenye kanga, akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema. "Kusoma najua."

Niliutazama ule mkono. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri kumaliziwa utani aliokuta umeshaanza.